Usemi wa Kiingereza Uupime Kwanza

Wiki hii tuzungumze habari ya Kiingereza. Sisemi Kiingereza cha darasani, cha kukariri vitenzi na kusubiri alama za mwalimu. Nasema Kiingereza kile kinachotakiwa nyumbani siku jambo limetokea, na barua haina budi kuandikwa, na anayepelekewa barua hiyo hajui Kiswahili.

Siku hiyo, katika nyumba zetu nyingi, huitwa kijana mmoja aliyefika shule ya sekondari. Baba hukaa kitini, mama mkekani, na kijana hushika kalamu au simu yake. Wazee hutamka yaliyo mioyoni mwao kwa Kiswahili kizuri chenye mafumbo na heshima, kisha humwambia kijana: "Haya, mwanangu, litie hilo kwa Kiingereza." Hapo ndipo kazi inapoanza. Kijana anajua maana ya kila neno, lakini akiyapanga maneno yale moja baada ya moja, yanatoka kama mkokoteni wenye magurudumu ya baiskeli mbili mbalimbali. Yanasukumika, lakini hayaendi sawa.

Sababu ni hii. Kila lugha ina semi zake, ambazo walimu wetu huziita nahau. Usemi ni fungu la maneno lenye maana moja, na maana hiyo huwezi kuipata kwa kulifungua fungu na kulihesabu neno moja moja. Sisi tukisema fulani "ana mkono wa birika", hakuna atakayetazama mkono wake. Wote tunajua kwamba ni bahili. Mwingereza akisikia habari ya birika atauliza chai iko wapi. Yeye mtu wa namna hiyo humwita "tight-fisted", yaani mwenye ngumi iliyokazwa. Jambo ni lile lile, mlango ni mwingine.

MANENO MATANO YA WAZEE

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme padre mmisionari kutoka Ireland alikaa parokiani kwenu miaka mingi, akabatiza watoto wenu, akachimba kisima, kisha uzeeni akarudi kwao. Sasa imekuja habari kwamba amefariki. Yupo dada yake, naye ni mzee kama yeye. Familia inataka kumpelekea rambirambi. Wazee wanataka kusema mambo matano: kwanza, pole, pili, ndugu yako marehemu tulimpenda, tatu, alikula chumvi nyingi, nne, alikuwa na mkono wazi, tano, usivunjike moyo.

Barua hii si mchezo. Atakayeisoma ana msiba. Neno likikaa vibaya hatakuwapo mtu pale wa kumweleza, "La, bibi, hatukukusudia hivyo." Basi tulitazame kila neno.

La kwanza ni "pole". Neno hili dogo ni tajiri kuliko lolote la Kiingereza. Twampa pole aliyejikwaa, mgonjwa, msafiri, aliyefiwa, hata mtu tuliyemkuta analima juani. Vijana wengi hudhani Kiingereza chake ni "sorry" siku zote. Sivyo. Mwingereza akijikwaa kwenye jiwe, nawe ukamwambia "Sorry!", huenda akakujibu kwamba si kosa lako, maana kwake neno hilo kwanza ni la mtu anayeomba radhi. Hata hivyo katika msiba neno hili latumika vizuri, ila lisiachwe peke yake. Lipewe sababu yake. Andika: "We are very sorry to hear of your brother's death." Hapo amejua kwamba mnasikitika pamoja naye, wala hamkuri kosa lolote. Kwa msafiri usiseme "sorry for the journey", kana kwamba wewe ndiwe uliyeiharibu barabara. Sema "You must be tired after your journey", yaani bila shaka umechoka kwa safari. Na "pole na kazi" haina Kiingereza chake kabisa. Usihangaike kuitafuta. Msalimu mtu kwa moyo mwema, inatosha.

La pili ni "marehemu". Kiingereza chake ni "late". Lakini neno hilo lina mtego mkubwa. Likitangulia jina la mtu, maana yake ni marehemu: "your late brother", ndugu yako marehemu. Likiwekwa mwisho, "your brother is late", Mwingereza anaelewa kwamba ndugu yake amechelewa. Katika nchi zetu watu wengi husema "my father is late" wakikusudia kwamba baba amefariki, nasi kwa sisi twaelewana. Lakini mgeni aliye mezani atakaa kumngoja baba huyo aje kula. Mahali pa neno pamebadilika, na maana imekimbia.

Na habari ya kufa kwenyewe? Hapa wengi huteleza kwa sababu ya kupenda madoido. Katika vitabu vya semi kijana atakutana na "to kick the bucket", kupiga ndoo teke, na pembeni ameandikiwa: maana yake kufa. Ni kweli, ndiyo maana yake. Tena ni usemi wa zamani, umo katika kamusi ya lugha ya mitaani aliyoitoa Mwingereza Francis Grose mwaka 1785. Lakini kitabu kikisema "maana yake kufa" hakijamaliza habari. Usemi huo ni wa mzaha. Ni kama sisi tuseme fulani "amekata kamba". Je, utamwandikia mfiwa kwamba ndugu yake amekata kamba? Hasha! Kwa mfiwa andika "died" tu, neno wazi na la heshima, au "passed away", ambalo ni kama letu "kuaga dunia". Kumbe basi kujua maana ya usemi ni nusu ya kuujua. Nusu ya pili ni kujua husemwa na nani, mbele ya nani, na kwa uso gani, wa kucheka au wa kulia.

HABARI YA CHUMVI

La tatu ni "alikula chumvi nyingi". Kwetu hii ni sifa: mzee ameishi miaka mingi na ameona mengi. Ukiiandika neno kwa neno kwa Kiingereza, yule dada atafikiri mnamweleza ugonjwa uliomuua, kwa kuwa madaktari wa kwao, kama wa kwetu, huwakataza wazee chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu. Sema hivi: "He lived to a ripe old age." Neno "ripe" ni kuiva, kama embe. Waingereza huona uzee mwema kuwa ni tunda lililoiva mtini bila kuangushwa na upepo. Ndiyo chumvi yetu ile, wao wameifanya tunda.

Lakini ngojeni, maana Waingereza nao wana chumvi zao, tena si moja. Wakisema mtu ni "the salt of the earth", wanamsifu sana: ni mtu mwema, mnyofu, asiye na majivuno. Usemi huo ninyi mnaujua tangu utotoni, maana ni maneno ya Bwana wetu mlimani, katika Injili ya Mathayo sura ya 5. Kwa padre yule ungefaa kabisa. Tena wakisema mfanyakazi ni "worth his salt", maana yake anastahili mshahara wake. Lakini wakisema habari fulani uipokee "with a pinch of salt", pamoja na chumvi kidogo ya vidole viwili, maana yake usiiamini yote. Ole wake kijana atakayezichanganya chumvi hizi, akamwandikia mfiwa kwamba wema wa ndugu yake waupokea kwa chumvi ya vidole viwili!

Na tazameni ajabu hii. Sisi pia twasema msimulizi "ametia chumvi", yaani ameongeza ya uongo. Kwetu chumvi hutiwa na msimulizi. Kwa Waingereza hutiwa na msikilizaji ili aweze kumeza habari isiyomezeka. Chumvi ni moja, mkono unaoitia ni mwingine. Basi ukitaka kusema mtu ametia chumvi, usiandike "he added salt", bali sema wazi "he exaggerated".

MKONO NA MOYO

La nne ni "mkono wazi", na hapa tuna bahati. Mwingereza naye husema "open-handed", mwenye mkono uliofunguka, kwa maana ile ile ya mkarimu. Liandike bila wasiwasi. Lakini kwa kuwa mkono mmoja umepatana, usidhani mikono yote itapatana. Sisi tukisema mtu ana "mkono mrefu", twamsema kwamba ni mwizi. Kwa Waingereza mkono mrefu ni wa serikali: "the long arm of the law", mkono wa sheria unaomfikia mhalifu hata akimbilie mbali. Mwizi wao ana vidole vyepesi, "light-fingered". Kwa hiyo kule kwetu mkono mrefu unaiba, kule kwao mkono mrefu unakamata.

La tano ni "usivunjike moyo". Hapa kuna mtego wa pili mkubwa. Kiingereza kina "broken-hearted", mwenye moyo uliovunjika, na kijana akiuona hufurahi akidhani amepata ndugu ya neno letu. Si ndugu, ni majirani tu. Sisi tukivunjika moyo, maana yake tumekata tamaa: mkulima aliyevunjika moyo hapandi tena. Kwa Mwingereza moyo uliovunjika ni moyo wenye huzuni kuu, ya kufiwa au ya kuachwa na mchumba. Huenda mtu akawa hivyo na bado asubuhi akashika jembe. Neno letu lile kwa Kiingereza ni "to lose heart", kuupoteza moyo. Basi kumwambia mfiwa asivunjike moyo andika "Do not lose heart". Na kijana wako akishindwa mtihani, usiseme ni "broken-hearted", watu wasije wakadhani ameachwa na mchumba, sema "discouraged".

JENERALI NA BRIGEDIA

Pengine msomaji mmoja ananung'unika: "Haya ni matatizo yetu sisi tuliojifunza Kiingereza shuleni. Wenyewe waliozaliwa nacho hawakosani." Wanakosana, ndugu yangu, na siku moja walikosana mahali pabaya mno.

Mwezi wa Aprili mwaka 1951, katika vita vya Korea, kikosi cha Waingereza kiitwacho Gloucestershire, askari zaidi ya 600, kilikuwa kikilinda sehemu ya mto Imjin. Usiku wa tarehe 22 Wachina wakaanza kuvuka mto kwa maelfu. Waingereza wale wakasukumwa nyuma mpaka juu ya kilima kimoja, wakazingirwa pande zote. Mkubwa wao, Brigedia Tom Brodie, alikuwa chini ya jenerali wa Kimarekani, Robert Soule. Inasimuliwa katika habari za vita vile kwamba Mmarekani alipouliza hali, Mwingereza alijibu kwamba mambo ni "a bit sticky", yaani yananata kidogo. Kwa desturi ya maofisa wa Kiingereza, ambao huona aibu kulia mbele ya watu, maneno hayo yalikuwa na maana ya "tunaangamia". Mmarekani alisikia yalivyosemwa: mambo ni magumu kidogo, lakini yanavumilika. Kikosi kikabaki kilimani. Kilipokuja kuruhusiwa kujiokoa, nafasi ilikuwa imepita. Askari zaidi ya 500 walitekwa, na waliopenya wakarudi walikuwa wachache sana.

Nisiwadanganye: maneno yale peke yake hayakuleta msiba ule. Adui alikuwa mwingi mno. Lakini watu wawili wenye lugha moja, tena walio upande mmoja, walisemezana siku ya kufa na kupona wala hawakuelewana. Mwenye kusema alipima usemi kwa sikio lake mwenyewe, asiupime kwa sikio la mwenziwe.

Si mara moja tu. Katika vita kuu ya pili wakubwa wa Kiingereza na wa Kimarekani walipata kubishana kwa muda mrefu kwa sababu ya neno moja, "to table", kuweka mezani. Waingereza walitaka shauri fulani liwekwe mezani, maana yake lizungumzwe mara moja. Wamarekani wakakataa kabisa, kwa kuwa kwao kuweka mezani ni kuliahirisha shauri. Kumbe wote walitaka jambo lile lile. Winston Churchill mwenyewe alilieleza katika historia yake ya vita vile.

Nasi tusiwacheke sana. Desturi yetu ni kujibu "salama" kwanza. Mtu akiulizwa habari za nyumbani hujibu, "Salama, ila mama tulimzika juzi." Mwenyeji anajua kungoja lile neno "ila". Mgeni husikia "salama", akashukuru, akaenda zake. Kila watu wana "salama" yao, na Brigedia Brodie alisema ya kwao.

HAZINA TULIYO NAYO TAYARI

Sasa, mtu asivunjike moyo. Iko hazina moja ya semi za Kiingereza ambayo familia zetu zinayo nyumbani bila kujua. Ni semi zilizotoka katika Maandiko Matakatifu. Waingereza walipoanza kuyasoma Maandiko kwa lugha yao yaliyopigwa chapa, kwanza katika tafsiri ya William Tyndale ya mwaka 1526, kisha ile ya Wakatoliki iliyotolewa Rheims mwaka 1582, na ile ya Mfalme James ya mwaka 1611, maneno mengi yalitoka kanisani yakaingia sokoni. Leo hata Mwingereza asiyesali huyatumia. Faida yetu ni kwamba hadithi yenyewe tunaijua, na ajuaye hadithi hapotei katika usemi.

Mtu akijitoa katika jambo asilaumiwe, husemwa "he washed his hands of it", alinawa mikono. Mnamjua aliyenawa: ni Pilato. Sisi pia twasema hivyo.

Dalili ya anguko ikionekana, husemwa "the writing is on the wall", maandishi yako ukutani. Ni mkono ulioandika ukutani katika karamu ya mfalme Belshaza, katika kitabu cha Danieli sura ya 5. Kwa hiyo usitumie usemi huo kwa habari njema, kama harusi au mvua za kupandia. Maandishi yale yalikuwa ya hukumu.

Mtu akiponea chupuchupu, husemwa ameponea "by the skin of his teeth", kwa ngozi ya meno yake. Hayo ni ya Ayubu sura ya 19. Meno hayana ngozi, basi hesabuni wenyewe nafasi ilikuwa nyembamba kiasi gani.

Mtu akibebeshwa makosa ya wenzake, huitwa "scapegoat". Neno hilo alilitunga Tyndale mwaka 1530 kwa ajili ya mbuzi wa kitabu cha Walawi sura ya 16. Mbuzi walikuwa wawili: mmoja alichinjwa, wa pili alitwikwa dhambi za watu akaachiliwa nyikani angali hai. Wa pili ndiye "scapegoat".

Na usemi mmoja sisi tunauelewa vizuri hata kuliko Waingereza wenyewe. Jambo likifanyika dakika za mwisho, husema limefanyika "at the eleventh hour", saa ya kumi na moja. Mwingereza huhesabu saa zake tangu usiku wa manane, kwa hiyo saa yake ya kumi na moja ni asubuhi, nusu ya siku bado ipo. Huutumia usemi bila kuona picha yake. Lakini katika Injili ya Mathayo sura ya 20, wale vibarua wa mwisho wa shamba la mizabibu waliitwa saa kumi na moja kwa hesabu inayoanza kucha, kama hesabu yetu ya Kiswahili: jua linakaribia kutua, imebaki saa moja tu ya kazi. Mkulima wa kijijini kwetu haelezwi hilo. Ameliona kila siku shambani kwake.

METHALI NA WANYAMA WAKE

Methali nazo zina jamaa zao. Usizifasiri; mtafute jamaa yake. "Usipoziba ufa utajenga ukuta": Mwingereza haongei habari ya ukuta, anaongea habari ya nguo, "A stitch in time saves nine", mshono mmoja wa mapema huokoa mishono tisa. "Manahodha wengi chombo huenda mrama": yeye yuko jikoni, "Too many cooks spoil the broth", wapishi wengi huharibu mchuzi. "Haraka haraka haina baraka": "More haste, less speed". "Ndege wa rangi moja huruka pamoja": hapa ndege ni wale wale, "Birds of a feather flock together".

Tukisema usinunue "mbuzi kwenye gunia", Mwingereza husema "a pig in a poke", nguruwe kwenye mfuko. Neno "poke" ni la kale, leo kwa kawaida halitumiki kwa mfuko isipokuwa katika usemi huo. Wafaransa na Wajerumani husema ni paka. Watu wote wametapeliwa sokoni, kila taifa kwa mnyama wake. Basi ukiandika Kiingereza mbadilishe mnyama, wala usimwonee huruma mbuzi wako.

Semi nyingine zimetoka kwa Shakespeare, na njia ya kuzijua tumefunguliwa. Mwalimu Julius Nyerere alifasiri mchezo wa Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Asomaye Mabepari wa Venisi atajua kwa nini Waingereza humwita mdai asiye na huruma kwamba anataka "his pound of flesh", ratili yake ya nyama.

KANUNI NNE

Kabla hujautumia usemi wa Kiingereza, upime kwa maswali haya manne.

Kwanza, nataka kusema nini? Liseme kwa Kiswahili cha wazi kisicho na fumbo. Kama wazee wamesema "alikula chumvi nyingi", kijana aseme kwanza "aliishi miaka mingi", ndipo atafute Kiingereza chake.

Pili, nani atasoma? Mfiwa, mkubwa wa kazi, rafiki wa rika lako? Mwingereza au Mmarekani? Usemi unaochekesha rafiki waweza kumjeruhi mfiwa.

Tatu, je, nimewahi kuuona usemi huu ukitumiwa na wenyewe katika jambo kama hili? Kamusi isikuishie kwenye maana tu. Soma na mfano. Nawe ujue kutafuta: katika kamusi nyingi usemi huwekwa chini ya neno lake kubwa mojawapo. Ukitaka ule wa ndoo, tazama "bucket", usipouona tazama "kick". Simu nazo zinafasiri siku hizi, na ni msaada mkubwa, lakini mara nyingine hufasiri neno kwa neno, na chumvi ikatoka chumvi. Ukipewa usemi na simu, uulize tena maana yake kabla ya kuutuma.

Nne, nikiuacha usemi huu, barua itapungua nini? Mara nyingi haitapungua kitu. Vijana wa shule hupenda kujaza insha zao "It was raining cats and dogs", mvua ya paka na mbwa, hata pale ambapo mvua haina habari yoyote katika kisa. Usemi ni chumvi ya mboga, si mboga yenyewe. Unga ukipungua, chumvi haiongezi ugali.

Basi tuirudie barua yetu tuimalize, maana dada yule anangoja. Yatosha maneno haya: "We are very sorry to hear of your brother's death. Your late brother was loved by all of us here. He lived to a ripe old age, and he was open-handed to everyone. To us he was the salt of the earth. Do not lose heart. We are praying for him and for you." Maana yake: tumesikitika sana kwa kifo cha ndugu yako, marehemu tulimpenda wote, aliishi mpaka uzee mwema, alikuwa na mkono wazi kwa watu wote, kwetu alikuwa chumvi ya dunia, usivunjike moyo, tunamwombea yeye na wewe. Sentensi ni fupi, semi ni nne tu, na kila moja imekaa mahali pake. Mfiwa hatahitaji mkalimani.

Kisha fanyeni jambo moja zaidi. Chini ya barua mwandikieni kwa Kiswahili: "Pole sana, dada." Mwelezeni kwa Kiingereza kwamba hilo ndilo neno letu la kumpa aliyeumia, na kwamba Kiingereza hakina la kulitosha. Kaka yake alilisema maelfu ya mara katika kijiji chenu. Yamkini aliwahi kumfundisha.

Na ninyi vijana, hii hapa kazi ya juma hili. Waombeni babu na bibi wawape semi tano wanazozitumia kila siku, mziandike, kisha mtafute za Kiingereza zenye maana hiyo. Ukikosa ya Kiingereza, andika maana yake wazi. Msimalize kwa kuuliza "Kiingereza chake ni nini?" Ulizeni pia: "Bibi, hii husemwa wakati gani?" Hapo mtakuwa mmejifunza lugha mbili kwa jioni moja.